Wataalamu wakisema "tunakadiria" wana maana gani? Somo kutoka kwa silikanti, nguva na tembo wa kwetu kusini

Wadau, kuna neno moja kwenye habari za mazingira linalowachanganya watu kibao, nalo ni "makadirio". Mtu anasoma kwamba nguva wa Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa wachache hivi, kwamba tembo wamekadiriwa kupungua vile, kwamba silikanti anasadikiwa kuishi miaka kadhaa, halafu anafunga ukurasa na kusema: aa, kumbe hawa jamaa wanabahatisha tu. Huku Kilwa nimelisikia hilo mara nyingi, barazani Kisiwani, kwenye boti ya kuvukia kuja Masoko, hata kwa vijana waliomaliza sekondari. Mzee mmoja mvuvi aliniuliza kwa utaratibu kabisa: "Mwanangu, kama mtaalamu mwenyewe hana hakika, mie jarife langu nilitoe majini kwa sababu gani?"

Swali la haki hilo, na kulijibu kwa "ndio sayansi ilivyo" ni kumdharau mzee. Ukweli ni kwamba kutokuwa na hakika kuko kwa aina nyingi. Kuna kutojua kabisa, kuna kujua kwa kiasi, na kuna kujua jambo kubwa vizuri huku dogo lake likisumbua. Watu wanaziweka zote kwenye kapu moja, na hapo ndipo tunapopotea. Ngoja nieleze kwa wanyama tunaowafahamu.

SILIKANTI WA SONGO MNARA

Mwaka 2003 wavuvi walinasa samaki wa ajabu karibu na Songo Mnara, kisiwa jirani yetu hapa. Mkubwa, magamba magumu, mapezi yametokea kwenye mashina ya nyama utadhani viguu. Huyo ndiye silikanti wa kwanza kuandikwa rasmi katika maji ya Tanzania.

Kwa nini dunia ilishtuka? Rudi nyuma hadi Desemba 1938, East London, Afrika Kusini. Dada mmoja wa makumbusho, Marjorie Courtenay-Latimer, alimwona samaki huyu kwenye shehena ya meli ya uvuvi, akamchora na kumpelekea mchoro mtaalamu J.L.B. Smith. Hadi siku hiyo vitabu vyote vilisema ukoo wa silikanti ulikwisha zamani za kale, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, kwa sababu mabaki yake kwenye mawe yanaishia hapo. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952, na kumbe Wakomoro walikuwa wanamvua siku zote na jina lake wanalo, gombessa. Baadaye akaonekana Indonesia mwishoni mwa miaka ya 1990, Malindi mwaka 2001, halafu kwetu.

Wengi hutumia kisa hiki kuwacheka wataalamu. Mimi nakisoma tofauti. Waliosema ametoweka hawakutunga, walisema kile ambacho ushahidi wa mawe uliwaonyesha. Kosa lilikuwa kuhesabu "hatujamwona" kama "hayupo", wakati hakuna aliyekuwa amewauliza wavuvi wa Komoro wala kushusha chombo mita 150 chini kwenye mapango ya miamba. Kwa hiyo kila unaposoma kwamba mnyama fulani "hajaonekana", swali la kwanza ni: wametafuta wapi, kwa muda gani, na kwa chombo gani?

Sasa geuza shilingi upande wa pili. Baada ya 2003 silikanti walianza kuvuliwa kwa wingi Tanga, makumi kwa miaka michache, hadi mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kule kule Tanga. Je, samaki waliongezeka? Huwezi kusema hivyo. Kilichobadilika ni nyavu. Majarife ya papa yalianza kutegwa kwenye maji marefu zaidi ya zamani, yakafika nyumbani kwa silikanti. Idadi ya waliovuliwa inakuambia habari za nyavu kabla haijakuambia habari za samaki. Mvuvi yeyote analijua hili: ukibadilisha macho ya wavu, samaki "wanabadilika" siku hiyo hiyo.

Kuna njia nyingine ya kuhesabu. Kule Komoro Mjerumani Hans Fricke na wenzake waliteremka na nyambizi ndogo, wakaingia kwenye mapango ambamo silikanti hulala mchana, wakawatambua mmoja mmoja kwa mabaka meupe ya mwilini, maana kila mmoja ana yake. Kwa njia hiyo walikadiria wa Ngazija kuwa mia chache tu. Hapo bado kuna kutokuwa na hakika (mapango mengine hawakuyafikia), lakini sio kule kwa kubahatisha. Unajua kilichohesabiwa, unajua kilichobaki.

Kuhusu umri ndiyo kali kuliko zote. Magamba ya samaki yana pete kama za mti, unazihesabu unapata miaka. Kwa muda mrefu wataalamu walihesabu za silikanti wakapata kama miaka 20 ya kuishi. Lakini kulikuwa na kitu hakikai sawa: samaki mkubwa vile kukua ndani ya miaka 20 ina maana anakua mbio kama jodari, wakati mwili wake ni wa taratibu mno, hewa kidogo, mwendo wa kujikokota. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Kélig Mahé walichukua magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa, wakayamulika kwa mwanga wa namna nyingine, na wakaona pete nyembamba kibao ambazo wenzao hawakuziona. Mmoja alikuwa na miaka 84. Makadirio mapya ni kwamba anaweza kuishi kama miaka 100, anaanza kuzaa akiwa na kama 55, na mimba inachukua kama miaka 5!

Samaki 27 sio wengi, na tarakimu ya 55 inaweza kusogea kesho mtu akija na njia bora. Ila angalia imesogea kwenda wapi. Haikusogea ovyo, imesogea kwenda upande ambao mambo mengine ya mwili wa samaki yanakubaliana nao. Na ukipiga hesabu, silikanti mkubwa aliyenasa Tanga mwaka 2004 huenda alizaliwa kabla ya Uhuru, na ikiwa alikuwa jike la miaka 50 basi alikuwa hajazaa hata mara moja. Ndiyo maana hawa ndugu wamo kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kabisa kutoweka, ingawa hakuna mtu aliyewahesabu wote.

Kitu kingine kinachotuhusu sisi wa Kilwa moja kwa moja. Mwaka 2011 ulitoka utafiti wa vinasaba, ukaonyesha kwamba silikanti wa kaskazini ya Tanzania ni kundi la peke yake, lililoachana na wenzao zamani sana, yapata miaka laki mbili, wakati wa kusini wanafanana na wa Komoro. Maana yake hifadhi ya Tanga, hata ikifanya kazi vizuri namna gani, hailindi kundi la kwetu. Hilo linajulikana vizuri kuliko idadi yao, na bado huwa halisemwi.

TEMBO: KWA NINI NAMBA INARUKARUKA

Tuhamie nchi kavu, maana somo la namba linaeleweka vizuri kwa tembo, na Selous ipo mgongoni kwetu hapa, ukitoka Kilwa au Liwale unaingia.

Tembo hawahesabiwi mmoja mmoja. Ndege inaruka kwenye mistari iliyopangwa, watazamaji wanahesabu wanyama walio ndani ya ukanda fulani tu chini ya bawa, halafu hesabu inakuzwa kufidia eneo lote. Mpishi wa pilau ya harusi haonji sufuria zima, anaonja kijiko. Akikoroga vizuri, kijiko kinatosha. Shida ni kwamba tembo hawakorogeki. Wanatembea kwa makundi, leo mstari wa ndege unapita juu ya kundi la 60, kesho unapita kando yao unapata sifuri, na wengine wako chini ya miti. Kwa hiyo kila tarakimu inakuja na upana wake: tembo wako kati ya idadi hii ya chini na ile ya juu. Magazeti huukata ule upana na kuchapisha ya katikati, basi.

Hapo ndipo lilipotokea la Ruaha-Rungwa. Mwaka 2013 walikadiriwa 20,090. Mwaka 2014 wakashuka hadi 8,272. Kelele zikapigwa, serikali ikaagiza ihesabiwe upya, na mwaka 2015 ikaja 15,836. Watu wakasema basi ni usanii mtupu. Lakini tembo hawawezi kuzaana kutoka elfu nane hadi karibu elfu kumi na sita kwa mwaka mmoja, mimba yao tu ni miezi 22. Maana iliyo rahisi ni kwamba hesabu moja au zote zilikuwa na upana mkubwa, na ukweli uko mahali katikati ya vurugu hiyo.

Sasa linganisha na Selous. Mwaka 1976 walikadiriwa kama 109,000. Mwaka 2009 walikuwa 38,975, mwaka 2013 wakawa 13,084. Weka upana wowote unaotaka, ongeza, punguza, bado jawabu ni lile lile: wameuawa kwa maelfu. Na waliohesabu hawakutegemea tembo hai peke yao, walihesabu na mizoga. Hapa hakuna aliyejua idadi kamili, lakini hakukuwa na shaka juu ya janga. Juni 2014, kwenye mkutano wa Doha, kamati ya Urithi wa Dunia iliiweka Selous kwenye orodha ya walio hatarini. (Kwa wasiojua: mkutano ule ule ndio ulioyatoa magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha hiyo hiyo, baada ya miaka 10. Mkono mmoja unapokea, mwingine unatoa.)

Kwa hiyo mtu akikuambia "hata idadi hawaijui", muulize: unataka idadi, au unataka kujua kama wanapungua? Ni maswali mawili. La pili mara nyingi hujibika hata la kwanza likigoma.

NGUVA

Nguva ndiye mtihani mgumu kuliko wote, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo linalotajwa kama kimbilio lake la mwisho Tanzania. Anakula majani ya baharini, anaibuka kuvuta pumzi sekunde chache, anazama. Maji yanayotoka mdomo wa Rufiji yana tope, ukiwa kwenye ndege huoni kitu. Kwa hiyo taarifa nyingi tulizonazo zimetoka kwa wavuvi wenyewe, kwa kuwauliza: uliona lini, wapi, alinasa kwenye wavu gani. Shirika la Sea Sense limefanya kazi hiyo miaka mingi pwani hii.

Taarifa ya mdomo ina udhaifu wake. Mtu anakumbuka la mwaka jana kuliko la mwaka 1985. Mwingine ananyamaza kwa sababu anajua nguva analindwa na sheria na hataki matatizo. Na kijana ambaye hajamwona hata mmoja anaona bahari ya leo ndiyo ya kawaida, wakati babu yake anakuambia zamani walikuwa wakipatikana. Mimi binafsi naamini kumbukumbu za wazee ni ushahidi, si hadithi, ila zinataka kupimwa kama ushahidi wowote: wazee 10 wa vijiji tofauti wasiojuana wakitaja eneo lile lile, hilo ni jambo zito.

Mwaka 2022 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka, likikadiria waliokomaa kuwa chini ya 250. Soma vizuri: "chini ya". Hawakusema 250. Wanakuambia dari, sakafu hawakuitaja. Na hao ni wa pwani yote, wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji.

TURUDI KWA MZEE NA JARIFE LAKE

Kwanza niseme kitu ambacho huwa hakisemwi. Hakika kamili hatuidai kwenye mambo mengine. Gesi ya Songosongo iligunduliwa mwaka 1974, na ilipoanza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam mwaka 2004 hakuna aliyekuwa ameshuka chini kuipima kwa ndoo. Akiba ya gesi ni makadirio, tena yana madaraja yake: iliyothibitishwa, inayotarajiwa, inayowezekana. Mabenki yakatoa pesa kwa makadirio hayo. Sijasikia mtu akisema wanajiolojia wanabahatisha. Ikifika zamu ya samaki, ghafla kila mtu anataka hakika asilimia mia.

Pili, kuna kukosea kwa namna mbili. Unaweza kufunga eneo ambalo halikuhitaji kufungwa, na unaweza kuacha wazi eneo lililokuwa linakwisha. Kosa la kwanza linamuumiza mvuvi leo, na mwakani eneo linafunguliwa. Kosa la pili, kwa mnyama anayezaa akiwa na miaka 55, halirekebishiki katika uhai wa mtu yeyote anayesoma hapa. Ndiyo maana Azimio la Rio la mwaka 1992 liliweka kanuni ya tahadhari, kwamba panapokuwa na tishio la madhara makubwa yasiyorudishika, kukosa hakika kamili kusiwe kisingizio cha kuchelewesha hatua. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inaitambua kanuni hiyo.

Lakini, na hapa naomba tuelewane, kanuni ya tahadhari haijibu nani anailipia. Mtaalamu akikosea kwa kufunga, mshahara wake unaingia vile vile. Mvuvi wa Kisiwani anakosa mboga jioni ile ile. Kwa hiyo anayetaka kufunga kwa makadirio ana wajibu wa kusema wazi: tunajua hiki, hiki hatukijui, tutapima hivi, tutarudi kwenu tarehe fulani na majibu. Mikutano mingi niliyohudhuria hilo la mwisho halipo kabisa. Wanakuja na hakika ya kuazima, mwaka unaofuata inabadilika, watu wanaona wamedanganywa. Heri angesema tangu mwanzo "tunakadiria".

Kuna mahali kutojua kunatibika haraka, na huko hakuna sababu ya kubishana miaka. Pweza anaishi mwaka mmoja na kidogo tu na anakua kwa kasi. Ukitaka kujua kama kufunga mwamba kunasaidia, funga miezi michache, fungua, pima. Madagaska walianza mwaka 2004, na huku kwetu Songosongo na Mafia wamejaribu pia. Utafiti uliojumlisha ufungaji 36 wa Madagaska ulikuta mavuno ya mwezi baada ya kufungua yameongezeka kwa zaidi ya asilimia 700. Mabango yote ya mradi yatakuandikia hiyo 700. Lakini siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka mwambani, wake kwa waume, kwa hiyo mavuno lazima yaruke. Utafiti ule ule ulipima na mavuno kwa kila mvuvi, ikaja asilimia 87. Bado ni nzuri sana, karibu mara mbili! Ila ndiyo namba inayokuhusu wewe unayeshika mkuki, na ndiyo unayotakiwa kuiuliza ukioneshwa bango.

Kwa silikanti jaribio kama hilo haliwezekani, maana matokeo yangesomwa na vitukuu. Jibu langu kwa mzee lilikuwa hili: mwamba wa pweza tujaribu tupime, tukikosea tunafungua. Jarife la maji marefu mbele ya Songo Mnara ni habari nyingine, hilo ningelitoa hata kwa ushahidi mdogo, na ningedai wanaonitaka nilitoe wanisaidie kupata chombo cha kuvulia kwingine. Alicheka, akasema hilo la chombo ndilo analolisubiri tangu zamani.

Sasa la vitendo. Ukimnasa silikanti au nguva, au ukimwona tu, andika tarehe, mahali, kina kwa pima, aina ya wavu na ukubwa wa macho yake. Piga picha ubavuni, weka kasia au kitu chenye urefu unaojulikana pembeni, halafu mpelekee taarifa afisa uvuvi wa wilaya au watu wa TAFIRI. Nguva akiwa bado hai, kata wavu aende. Na siku mlizotoka msione kitu, ziandikeni pia. Daftari lenye nguva 3 bila kuonyesha kama ulitoka mara 10 au mara 300 halimsaidii mtu.

Wavuvi na watoto wa wavuvi wa Songosongo, Somanga, Kivinje na Pande mlio na kumbukumbu za nguva kutoka kwa wazee wenu, wekeni hapo chini kwenye maoni: kijiji, mwaka hata kama ni wa kukisia (semeni ni wa kukisia), na kama alikuwa peke yake au na mtoto. Nitazipanga kwa miaka na kwa maeneo, na nitakapozipeleka Masoko nitawaambia zimepokelewa na nani.